Taa ya Kibirika Imewaka: Wasomaji Wanauliza, Gereji Inajibu

Barua za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinahusu ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone. Tumeanza na ya Urambo. Jibu lake ni refu, lakini wengine wote watalihitaji.

Moto ukipanda, taa inapepesa

*Habari za kazi, mafundi. Nina Hilux ya zamani yenye injini ya 3L ya dizeli. Inabeba mbolea na tumbaku kati ya Urambo na Tabora mjini. Asubuhi haina tatizo. Ikishapiga kazi na kupata moto, nikisimama kushusha mzigo taa ya oili inapepesa gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta). Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Fundi mmoja anasema injini ifunguliwe na kranki (shafti kuu ya injini) ichongwe. Mwingine anasema nimwage oili niweke namba 50 pamoja na chupa ya dawa ya kuongeza uzito. Nifuate lipi? — Dereva, Urambo*

Nzuri, ndugu. Kwa sasa usifuate hata moja. Mmoja anakuuzia ovahoo, yaani kuifungua injini yote, mwingine anakuuzia chupa, na hakuna aliyefunga geji ya kupima presha ya oili.

Kwanza tuelewane taa hiyo inasema nini. Swichi ya oili, ile yenye waya mmoja, inawasha taa pale presha inaposhuka chini ya kiwango kidogo sana, kwa kawaida kati ya bar 0.2 na 0.5. Kwa hiyo taa ikizima hujaambiwa kwamba presha ni nzuri. Umeambiwa tu kwamba si sifuri. Injini inayotoa bar 0.8 kwenye mizunguko 3,000 haitawasha taa yoyote, na huku beringi, vile vikalio vya chuma ambamo kranki inazunguka, zinasagika.

Jambo la pili: pampu haitengenezi presha, inasukuma oili tu. Presha inatokea oili inapobanwa kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya beringi na kranki. Ni kama mpira wa kumwagilia mboga: ukibana mdomo kwa kidole gumba maji yanaruka mbali, ukiachia yanamwagika miguuni, na bomba ni lilelile. Beringi zikilika, kidole kimeachia. Na hasara yake ni kubwa kuliko macho yanavyodhani, kwa sababu uwazi ukiongezeka mara mbili, oili inayovuja pembeni inaongezeka mara nane. Gari likiwa sailensa pampu inazunguka polepole, oili ya moto ni nyepesi, basi kidogo kinachosukumwa chote kinapotelea humo. Ukikanyaga, pampu inazidi uvujaji na taa inazima. Dalili zako zinaendana na hilo, lakini zinaendana pia na mambo mengine ambayo ni rahisi zaidi kuyatengeneza. Yaondoe hayo kwanza.

Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi, kisha vuta kijiti. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Ikiwa imepanda juu ya alama na hakuna aliyeongeza, inuse, halafu dondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti. Weusi usikutishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Angalia pembeni ya tone: kama unatokea mduara mpana wa majimaji unaonuka dizeli, nozeli mojawapo inatiririsha badala ya kupuliza, na dizeli imeingia kwenye oili ikaiyeyusha. Hapo peleka nozeli zikapimwe, badilisha oili, ndipo urudi kwenye suala la presha.

Angalia pia sailensa yenyewe. Injini hii inatakiwa iungurume kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Kuna madereva wanaoishusha hadi 550 kwa kudhani wanabana mafuta. Kwa mzunguko huo hata injini yenye afya inaweza kupepesa taa ikiwa ya moto.

Sasa swichi. Chomoa waya wake, washa funguo bila kupiga stata. Taa izime. Gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini, taa iwake. Ikibaki inawaka hata waya ukiwa hewani, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Tatizo lako ni la umeme na injini haina kosa.

Waya ukiwa mzima, fungua swichi na ufunge geji ya mkono mahali pake. Chagua inayosoma hadi bar 10, yenye mpira imara. Tundu la magari mengi ya Japani lina uzi wa moja ya nane wa bomba, aina ya Japani. Kiunganishi cha Kimarekani cha moja ya nane kinaonekana sawa lakini hesabu ya uzi ni tofauti, 27 dhidi ya 28. Kikianza kukaza mapema usikilazimishe, utaharibu uzi wa bloku. Mpira uwe mbali na feni na ekzosi. Ukipasuka, oili ya moto inarukia usoni.

Piga vipimo vitatu. Cha kwanza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, mara tu baada ya kuwaka. Cha pili baada ya kuendesha dakika 20 au zaidi, gari likiwa sailensa. Usiangalie geji ya maji ukasema injini imeshapata moto, maana oili inachelewa sana kupata joto kuliko maji. Cha tatu palepale, kwa mizunguko 3,000. Andika namba zote tatu.

Kwa injini nyingi za Toyota za rika hili, kiwango cha chini kabisa ikiwa moto na sailensa ni bar 0.3, na kwa mizunguko 3,000 iwe bar 2.5 au zaidi. Injini yenye afya kwa kawaida inazidi hapo vizuri. Geji yako ikisoma psi, bar moja ni psi 14.5.

Ukipata 0.6 sailensa na 3.5 kwa mizunguko 3,000, swichi imechoka. Nunua nyingine, endelea na tumbaku yako. Ukipata 4 au 5 ikiwa baridi halafu 0.2 ikiwa moto, na kwa 3,000 inafika 2.5 kwa shida, beringi zimeanza kuachia au oili ni nyepesi mno. Ikiwa namba ni ndogo hata asubuhi, hapo shuku pampu, vali yake ya kupunguza presha, au jali (bomba lenye wavu) ya kuvuta oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Na kama presha inapanda vizuri halafu inaanguka unavyozidi kukanyaga, jali imeziba: pampu inataka oili nyingi na haiipati. Sindano inayotetemeka bila kutulia inaonyesha kwamba pampu inameza hewa.

Kuhusu namba 50. Uzito wa oili ikiwa moto unasomwa kwenye namba ya mwisho. 15W-40 na namba 40 tupu, zikifika nyuzi 100, ziko kundi moja: sentistoki 12.5 hadi 16.3. Namba 50 inaanzia 16.3 na kuishia chini kidogo ya 21.9. Kwa hiyo ndiyo, presha ya sailensa itapanda kidogo. Kwa joto la Tabora la mwezi wa kumi, 20W-50 kwenye injini yenye umri si dhambi, mradi umeshapima na unajua unaficha nini. Namba 50 tupu ni habari nyingine: alfajiri ni nzito, inachelewa kufika juu kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali), na sekunde hizo za ukavu ndizo zinazokula vyuma. Chupa ya dawa nayo inafanya kazi hiyohiyo kwa bei kubwa zaidi. Na kama oili uliyonayo ilipimwa kwenye chupa ya maji isiyo na jina, mwaga hiyo kwanza, weka 15W-40 ya dizeli iliyofungwa na filta mpya, kisha pima tena. Tumia ile yenye daraja la CF-4 au CI-4. Injini hii inachukua lita sita kasoro kidogo: mimina tano, kisha uende kwa kijiti.

Namba zikikataa bado, shusha sampu. Kwenye Hilux ya kuvuta mbele na nyuma huenda ukalazimika kuinua injini kidogo, kwa hiyo panga kazi zote za huko chini zifanyike siku moja. Anza na jali. Ioshe kwa petroli, iangalie kwenye mwanga, na uweke gasketi mpya ya mahali inapofungwa. Ufa mdogo hapo unaingiza hewa. Kisha vali ya kupunguza presha: fungua kizibo chake, toa springi na pistoni ndogo. Ipake pistoni oili safi, iweke kwenye tundu. Inatakiwa iteremke yenyewe kwa uzito wake bila kusita. Ikikwama ina mkwaruzo au takataka.

Hapa kuna ujanja mmoja wa gereji tunaoupinga. Fundi anavuta springi ya vali au anaweka washa nyuma yake "kuongeza presha". Vali hiyo inafunguka pale presha inapokuwa kubwa. Gari likiwa sailensa imeshafunga, kwa hiyo kuikaza hakuongezi chochote pale unapopahitaji. Kinachoongezeka ni presha ya asubuhi, na filta ndiyo inayopasuka.

Pampu ya 3L iko mbele nyuma ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo kama mkanda unakaribia muda wake, badilisha hapohapo. Pima kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): weka rula iliyonyooka juu ya uso wa pampu na uangalie nafasi kati ya rula na gia. Ikifika mm 0.15, pampu imekwisha. Mifereji unayoihisi kwa ukucha kwenye uso wa pampu nayo inatosha kuikataa.

Mwisho, fungua kifuniko cha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) moja, halafu ya pili. Kabla ya kufungua, weka alama kwa panchi ili kila kifuniko kirudi kwake na upande wake. Beringi nzima ina rangi ya kijivu iliyofifia. Ukiona rangi ya shaba inachungulia, tabaka la juu limekwisha. Weka kipande cha uzi wa plastigeji kwenye kranki, kaza kifuniko kwa spana ya toki kwa kipimo cha injini hiyo, fungua, linganisha upana wa uzi uliobapwa na kadi yake. Mpya huwa kati ya mm 0.02 na 0.06 hivi, ikifika 0.10, badilisha. Kranki ikiwa laini, ukucha haukwami, na mikromita inasema haijawa yai, beringi za saizi ya mwanzo zinaweza kubadilishwa kutokea chini bila kutoa injini. Ikiwa na mikwaruzo, ndipo yule fundi wa kwanza atakuwa amepatia: inachongwa, unanunua beringi za 0.25 au 0.50. Ikirudi kutoka kuchongwa, zibua vitundu vyake vyote vya oili kwa waya, petroli na upepo. Unga wa jiwe la kuchongea unajificha humo, na unatosha kuua beringi mpya kabla hujafika Kaliua.

Kupanda mlima

*Gari ni Corolla 110. Nikitoka Kigoma kwenda Manyovu, taa ya oili inawaka kwenye miinuko tu. Tambarare inazima. Sina hata tone linalovuja chini. — Mwalimu, Buhigwe*

Mwalimu, vuta kijiti leo. Injini hiyo inachukua lita tatu na kidogo tu. Ikipungua lita moja na nusu, mlimani iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu na jali inabaki inavuta hewa. Kutokuona tone chini hakumaanishi haipungui. Injini ya umri huo inaweza kuwa inaichoma. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, angalia kila unapojaza petroli. Ikiwa inakula lita moja kila kilomita 1,000, zungumza na fundi kuhusu ringi na sili za vali. Taa ikiwaka tena mlimani na oili imejaa, rudi kwenye jibu la Urambo, sehemu ya jali.

Jiwe la barabarani

*Carina Ti yangu ilipiga jiwe kwa chini nikienda Ipole. Sampu haikuvuja, nikaendelea na safari. Tangu hapo taa inawaka nikiongeza mwendo. Nikipunguza inazima. — Mfanyabiashara, Sikonge*

Kinyume cha Hilux ya Urambo, na ndiyo maana tumeiweka. Ingia chini utazame: sampu imebonyea. Ndani yake, mdomo wa jali unakaa umbali wa upana wa kidole kutoka chini. Bonyeo la sentimita moja linaisukuma sampu ikafunika mdomo huo kama kiganja kwenye kikombe. Mwendo mdogo oili inapenya pembeni, mwendo mkubwa haitoshi. Usiendelee kuliendesha hivyo, kila mara taa inapowaka kwa mwendo kasi ni beringi zinazolipa.

Shusha sampu, inyooshe kwa nyundo ya mbao kutokea ndani, na hakikisha uso unaokutana na bloku umebaki tambarare. Chunguza bomba la jali kama limepinda au lina ufa kwenye kiungo chake.

Halafu silikoni, ambayo inaharibu injini nyingi kuliko mawe. Injini hiyo haina gasketi ya karatasi kwenye sampu, inatumia silikoni. Kwangua ya zamani yote, futa nyuso zote mbili kwa petroli hadi zikauke, kisha weka mstari mmoja usiokatika wenye upana wa mm 3 hadi 5, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Funga ndani ya dakika tano. Kaza kidogokidogo kwa kuzunguka. Fundi anayemimina silikoni kama siagi kwenye mkate hajui kwamba kiasi kilekile kilichotokeza nje kimetokeza na ndani. Kile cha ndani kinakatika, kinaelea, na mwisho wake ni kwenye wavu wa jali. Iache usiku mzima kabla ya kumimina oili.

Sekunde tano za asubuhi

*Noah yangu ya zamani, yenye injini ya 3S, inachukua dagaa Kibirizi alfajiri. Nikiwasha, taa inakaa sekunde nne au tano na kuna kelele kwa juu, halafu vyote vinapotea kutwa nzima. Ilianza baada ya kubadilisha oili. — Mama muuza dagaa, Kigoma*

Mama, umetusaidia kwa sentensi ya mwisho. Filta uliyowekewa ndiyo mshukiwa. Ndani ya filta kuna kipande cha mpira chembamba kama sahani, kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu gari likilala. Kikiwa cha plastiki ngumu au kimekunjamana, filta inamwaga oili yake usiku na asubuhi pampu inaanza kwa kujaza kopo tupu. Filta nzima inazima taa ndani ya sekunde moja au mbili.

Mwambie fundi abadilishe filta peke yake. Oili bado mpya. Oili itakayopotea ni kama robo lita, aiongeze. Ile ya zamani aikate kwa msumeno wa chuma mbele yako, mdomoni, siyo katikati. Bonyeza ule mpira: mzuri unarudi kama sikio, mbovu umekaza au umepasuka. Chungulia na karatasi ya kuchujia. Mikunjo iwe mingi, imelingana, imegundishwa vizuri juu na chini. Tumeona filta zenye mikunjo ya kuhesabika kwa vidole, na kopo la nje linang'aa kuliko la asili.

Wakati wa kufunga mpya, fundi apitishe kidole pale filta inapokalia ahakikishe mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda. Mipira miwili ikipandana, itashika siku mbili, kisha mmoja utachomoka na oili yote itamwagika barabarani kwa dakika moja. Apake oili kwenye mpira mpya, akaze kwa mkono hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Bila spana.

"Itazima yenyewe"

*Injini ya gari letu imetoka ovahoo. Ilipowashwa taa haikuzima. Fundi anasema tuiache iungurume, itazima yenyewe. Tumeizima baada ya dakika moja tukakuandikieni. — Vijana wa Uvinza*

Mmefanya vizuri kuizima, ingawa dakika moja ilikuwa ndefu. Kwa injini iliyofunguliwa, sekunde kumi bila presha ndiyo mwisho wa uvumilivu.

Sababu ya kawaida ni pampu kavu. Imefungwa bila kupakwa kitu, gia zake zinazunguka hewani na hazina nguvu ya kuvuta oili kutoka chini. Dawa ni kufungua pampu na kujaza nafasi za gia kwa mafuta ya mgando, yale meupe ya kujipaka yasiyo na manukato ya ajabu. Yanaziba nafasi, pampu inashika, kisha yanayeyuka na kuchanganyika na oili bila madhara. Msitumie grisi, haiyeyuki upesi na inaweza kuziba kitundu. Kama hamtaki kufungua tena, chomoeni swichi ya oili na msukume oili safi kwa sindano kubwa kupitia tundu hilo, na mjaze filta kabla ya kuifunga.

Baada ya hapo msiiwashe. Kama ni dizeli, chomoeni waya wa kukata mafuta kwenye pampu ya dizeli. Kama ni petroli, toeni plagi na mkate umeme wa koili na wa pampu ya petroli. Fungeni geji, pigeni stata sekunde kumi, pumzisheni stata dakika moja, rudieni. Sindano ikipanda, hata ikifika bar moja tu kwa stata, oili imefika na mnaweza kuwasha.

Ikikataa baada ya mara tano au sita, kuna kitu kimefungwa vibaya, na kuna kimoja tunakiomba mkiangalie kabla ya vyote. Beringi kuu zinakuja jozi: nusu moja ina kitundu na mfereji, na kwenye injini nyingi nyingine ni bapa. Yenye kitundu inakaa juu, kwenye bloku, kitundu kikitazamana na njia ya oili. Ikiwekwa chini na ile bapa juu, njia imezibwa kabisa, hakuna oili inayofika kwenye shingo hiyo ya kranki wala kwenye konrodi inayolishwa nayo. Geji inaweza hata kusoma vizuri, kwa sababu oili imebanwa isitoke, na injini ikanoki ikiwa na presha nzuri. Chungulieni pia kama vizibo vya mifereji ya oili kwenye bloku vimerudishwa vyote. Vinatolewa wakati wa kuosha, na kimoja kikisahaulika ndani ya sampu hakitaonekana nje.

Na kwa sauti: ukisikia mlio mzito wa kugonga unaoongezeka ukipiga resi kidogo, na injini ni dizeli, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, ukiwa umeifunika kwa kitambaa. Silinda ambayo mlio wake wa kugonga unapungua ukilegeza, ndiyo yenye konrodi iliyoachia.

Taa isiyowaka kabisa

*Nimenunua gari la mkononi hapa Tabora. Taa ya oili haijawahi kuwaka hata siku moja. Hii ni dalili nzuri, sivyo? — Msomaji, Isevya*

Sivyo, kaka. Ukiwasha funguo kabla ya stata, taa hiyo lazima iwake, maana presha bado ni sifuri. Isipowaka, ama balbu imeungua, ama waya umekatwa na aliyetaka kuuza haraka, ama swichi imefungwa kwa tepu nyeupe ya bomba. Hii ya tatu ni ya bahati mbaya tu: swichi ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha injini) kupitia uzi wake, na tepu ikizungushwa mara nyingi inautenga uzi na chuma, taa ikafa huku fundi akijisifu kwamba amezuia uvujaji. Toa tepu, paka silikoni kidogo kwenye uzi miwili mitatu ya juu, funga, washa funguo. Ikiwaka sasa, usifurahi bado. Piga stata uone kama inazima, na kabla ya wiki kuisha ifungie geji upate zile namba tatu. Mara nyingine mwenye gari wa kwanza alikata waya si kwa sababu balbu ilimkera, bali ili kuficha presha mbovu.